Haki ya Samaki Huanzia Kwenye Mchoro

Akwaria ya maji ya bahari yenye matangi yaliyounganishwa ni mfumo wa vyombo viwili au zaidi vinavyotumia maji yaleyale. Kwa kawaida tangi moja au mawili ya kioo hukaa juu, na ndimo samaki na matumbawe wanamotazamwa. Chini yake, ndani ya kabati, hukaa tangi jingine lisilotazamwa na mtu, lenye vichujio, mwani na pampu. Maji hufurika kutoka juu, hushuka kwa bomba, husafishwa, kisha husukumwa kurudi yalikotoka. Samaki wa tangi la kulia hamwoni wa tangi la kushoto, lakini anavuta pumzi katika maji yaliyopita kwenye matamvua ya mwenzake dakika chache kabla.

Kupanga mfumo wa namna hii huchukuliwa kuwa kazi ya fundi bomba na fundi umeme. Ni kazi yao kweli, ila ndani yake limo swali ambalo watu wa dini na wanafalsafa wamelishughulikia kwa karne nyingi: mwanadamu ana mamlaka gani juu ya kiumbe asiyemhitaji? Samaki aliyeko mwambani hana haja na mtu. Hewa, chakula, maficho na wenzake anavipata bila msaada wa yeyote. Akishatiwa tangini, vyote hivyo huhamia mikononi mwa mtu mmoja, na vinaweza kukatika kwa sababu ya plagi iliyolegea. Hoja inayofuatwa hapa ni kwamba haki za kiumbe huyo hutimizwa au huvunjwa zaidi wakati wa kupanga, yeye akiwa bado yuko baharini, kuliko wakati wa kumtunza.

Historia ya chombo hiki imefungamana na dini tangu mapema. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Kianglikana aliyehudumu Westminster Abbey, alichukua matumbawe kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akayapeleka London, mbali na bahari. Ili maji yasioze, mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, siku baada ya siku, yapate hewa. Uhai wa matumbawe yale ulitegemea mikono ya mwanamke ambaye historia haikujishughulisha sana kumtaja. Baadaye Thynne aliongeza mwani, na mwani ukasaidia kazi hiyo. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi mimea na wanyama wa majini wanavyoweza kutegemeana ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu cha The Aquarium, kilichowafanya watu wengi wa Uingereza watamani kuwa na bahari sebuleni.

Gosse alikuwa mtaalamu wa viumbe na pia mhubiri wa kundi la Ndugu wa Plymouth. Kwake yeye, kila mnyama aliyejificha kwenye madimbwi ya mwambani wakati wa maji kupwa alikuwa ushahidi wa hekima ya Muumba, na aliona ni wajibu kuwaonyesha wengine ushahidi huo. Watu walimsikiliza kupita alivyotarajia. Walishuka pwani za Devon na vikapu na patasi, wakayakomba madimbwi. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu chake cha mwaka 1907, Father and Son, alisimulia jinsi pwani ile ilivyoharibiwa, na jinsi baba yake alivyotambua kwa majonzi kuwa vitabu vyake ndivyo vilivyofungua njia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Uharibifu wote ulifanywa na watu waliovutiwa na uzuri wa viumbe wale. Kwa hiyo anayesema kwamba anapenda samaki bado hajajibu swali la msingi.

Mfumo wa matangi mengi kwa maana ya leo ulikuzwa na William Alford Lloyd. Katika akwaria ya Crystal Palace, kusini mwa London, iliyofunguliwa mwaka 1871, pampu za mvuke zilizungusha maji ya bahari kati ya matangi ya maonyesho na hifadhi kubwa iliyokaa gizani chini ya jengo. Lloyd alishikilia kuwa hifadhi isiyoonekana iwe na maji mengi kuliko matangi yanayoonekana. Mtu anaweza kuusoma uamuzi huo kama hesabu ya kiufundi tu, lakini una uzito wa kimaadili: sehemu kubwa ya nafasi na fedha ilikwenda mahali ambapo mtazamaji hapati faida yoyote ya macho, na samaki anapata yote. Mipango mingi ya leo hufanya kinyume chake. Kioo cha mbele hununuliwa kikubwa kadiri ya uwezo, na tangi la chini likajikunyata katika nafasi iliyobaki.

Gosse ana nafasi nyingine katika mjadala huu. Mwaka 1857 alitoa kitabu kiitwacho Omphalos, ambacho wanasayansi na wanadini wenzake walikikataa. Ndani yake alidai kuwa uhai ni mduara usio na pa kuanzia: mti hutoka kwenye mbegu, na mbegu hutoka kwenye mti. Kwa hiyo popote Mungu alipoanzia kuumba, kiumbe wa kwanza alilazimika kuwa na alama za wakati ambao hakuuishi. Mti ukiwa na pete zake za miaka, Adamu akiwa na kitovu. Kama maelezo ya umri wa miamba, hoja hiyo ilishindwa na ilistahili kushindwa. Ila inaeleza vizuri sana mipaka ya mtu anayejaza tangi.

Maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo cha bahari, yaani karibu gramu 35 kwa kila kilo, yakawekwa kwenye joto la nyuzi 25 na kuzungushwa na pampu nzuri, yana kila kitu kinachopimika, na bado yatamuua samaki. Yanakosa wakati uliopita. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Baharini na kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoibadili kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoibadili nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Jamii hiyo ya bakteria huchukua wiki nne hadi sita hivi kujijenga juu ya mawe na mchanga. Anayetaka kuharakisha huleta jiwe lililokaa baharini au vichujio vya tangi la zamani. Analeta historia iliyotengenezwa mahali pengine. Mungu wa Gosse aliweza kuumba kitu pamoja na historia yake. Mtu hawezi. Kila kilicho hai ndani ya tangi lake, hata bakteria asiyeonekana, amekipokea kutoka kwenye uumbaji uliokuwapo kabla yake. Hapo dai lolote la umiliki kamili hupungua nguvu, na neno linalobaki kueleza nafasi yake ni amana.

Amana hiyo ina matokeo ya moja kwa moja kwenye wiki zile za kungoja. Zamani ilikuwa desturi kuanzisha tangi kwa kutumbukiza samaki wagumu na wa bei nafuu, ili uchafu wao ulishe bakteria. Wengi waliungua matamvua, wakapumua kwa shida karibu na uso wa maji, na waliosalia wakatolewa kupisha samaki wa bei. Njia isiyotesa ipo na haina gharama kubwa: amonia ya dukani isiyo na sabuni wala manukato, au chakula kidogo kinachoachwa kioze ndani ya maji yasiyo na samaki, huku vipimo vikifuatwa mpaka amonia na nitriti zishuke hadi sifuri. Kinachotakiwa ni subira. Kumtoa kiumbe hai kafara ili kuokoa mwezi mmoja wa kungoja ni dhuluma, na bei yake ndogo haimpunguzii haki.

Maandiko yanayotajwa mara nyingi kuhusu mamlaka ya mwanadamu ni ya Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, aya ya 28, ambapo mwanadamu anapewa kutawala samaki wa baharini, ndege na wanyama wa nchi kavu. Wasomaji wengi huishia hapo. Aya sita nyuma, kabla mwanadamu hajaumbwa, samaki wenyewe wanabarikiwa na kuamriwa wazae, waongezeke na kuyajaza maji ya bahari. Baraka ya samaki ilitangulia utawala wa mtu, nao ukatolewa juu ya viumbe ambao tayari walikuwa na agizo lao kutoka kwa Muumba. Mtawala anayewatoa baharini na kuwaweka mahali wasipoweza kuzaa wala kuongezeka anapaswa kuwa na sababu nzito. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si', aliikataa tafsiri inayofanya utawala huo kuwa ruhusa ya kunyonya uumbaji, akaisoma aya hiyo pamoja na agizo la sura ya pili la kulima bustani na kuitunza.

Katika Uislamu, sura ya Al-An'am, aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma mbalimbali mfano wa wanadamu, na sura ya Hud, aya ya 6, inasema kuwa riziki ya kila kiumbe iko kwa Mwenyezi Mungu. Mafundisho haya mawili yakiwekwa pamoja na hadithi ya mwanamke na paka, hukumu ya tangi huanza kuonekana. Mwanamke huyo aliadhibiwa kwa sababu alimfungia paka hadi akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa limeelezwa kwa pande mbili. Anayemfungia kiumbe anaziba njia ambayo riziki yake ilikuwa ikimfikia, na tangu dakika ile njia mbadala inakuwa deni shingoni mwake. Kwa upande mwingine ipo hadithi ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea; ndege alipokufa, Mtume alimsemesha mtoto kwa upole akiuliza habari za ndege wake, na hakukemea kufugwa kwake. Wanazuoni wametoa hapo ruhusa ya kumweka kiumbe kwa ajili ya kumtazama na kufurahi naye, mradi anatendewa wema. Kufunga kwenyewe hakukuharamishwa. Kinachoulizwa ni masharti.

Aliyeyaandika masharti hayo kwa mpangilio mzuri ni Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanazuoni wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1262. Alikuwa wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Katika kitabu chake Qawa'id al-Ahkam aliorodhesha haki za mnyama kwa mwanadamu: amlishe hata akizeeka au akiugua na kutokuwa na faida tena, asimtwishe asichokiweza, asimweke pamoja na mnyama atakayemdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine, makazi yake yawe mema, dume na jike wakutanishwe msimu wao ukifika. Aliandika akiwafikiria ngamia, kondoo na punda, lakini orodha hiyo ikiwekwa mezani kando ya mchoro wa matangi, inafanya kazi kwa ukali kuliko miongozo mingi ya wauzaji.

Sharti la kulishwa pekee linaondoa viumbe wengi kwenye orodha ya ununuzi. Wapo samaki vipepeo ambao chakula chao ni nyama laini ya matumbawe hai na karibu hawagusi kingine. Yupo pia samaki mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, anayeishi kwenye miamba ya Bahari ya Hindi, ya Afrika Mashariki ikiwemo, na ya Pasifiki. Kazi yake ni kusafisha wenzake. Anakaa kwenye kituo chake mwambani, anacheza-cheza mwili kama ishara, na samaki wakubwa hupanga zamu, hufungua vinywa na kutanua matamvua ili awaondolee vimelea. Wateja wake kwa siku moja ni wengi mno. Ndani ya tangi lenye samaki wanane waliotibiwa vimelea, riziki yake imekatwa hata kama mwenye tangi anatupa chakula mara mbili kwa siku. Baadhi hujifunza kula kamba waliosagwa. Wengi hukonda hadi kufa. Kwa kipimo cha hadithi ya paka, kumnunua bila uhakika kwamba anakula chakula cha tangini ni kosa linalotendwa dukani, kabla hajafika nyumbani.

Sharti la kutoweka pamoja wanaodhuriana ndilo linalogusa hasa matangi yaliyounganishwa. Kwa mtazamo wa kwanza muungano unalitatua: kangaja wawili wanaochomana kwa mwiba wa mkia hutengwa kwa kioo, chewa hupewa tangi lake asije akameza kamba na samaki wadogo, na wote wanafaidika na chujio moja. Lakini ni nini maana ya kuwa pamoja? Baadhi ya matumbawe laini hutoa kemikali zinazodumaza au kuua matumbawe mawe. Baharini mkondo huzichukua mbali. Kwenye mfumo uliofungwa zinashuka kwa bomba, zinapanda kwa pampu na kumfikia jirani aliye tangi la tatu, ambaye kwa macho ya mwenye nyumba yuko salama. Kioo kimetenganisha miili, maji hayakutenganishwa. Kwa viumbe wa majini, ambao kupumua, kunusa na kuugua kwao hupitia maji, walio katika maji mamoja wako pamoja. Anayepanga anawajibika kuhesabu ujirani kwa mabomba, na kuweka makaa ya kuchujia pale mchanganyiko huo hauepukiki.

Wapo wanaoona kwamba mjadala wote huu ni wa bure kwa kuwa samaki hana hisia. Kati ya wanafalsafa, Descartes aliwaona wanyama kuwa mitambo. Kant hakukubali kwamba mtu ana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, ila alionya kuwa anayezoea ukatili kwa wanyama huwa mkatili kwa watu. Wazo hili halimpi taabu msomaji wa Kiswahili, maana jamii nyingi humpima mtu utu wake kwa namna anavyowatendea wasioweza kumlipa. Bentham, mwaka 1789, aliuhamisha mjadala kutoka kwenye akili na usemi hadi kwenye uwezo wa kuteseka. Swali likabaki la kisayansi. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kuwa samaki aina ya trauti waliodungwa asidi midomoni waliisugua midomo kwenye changarawe na kuacha kula kwa saa kadhaa, na kwamba mofini ilipunguza tabia hizo. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Masanori Kohda wa Japani walitangaza kuwa samaki msafishaji yuleyule, akiwekewa alama kooni na kuonyeshwa kioo cha kujitazama, hujaribu kuikwangua alama hiyo. Wapo wanasayansi wanaopinga, wakisema samaki hana sehemu ya ubongo inayotengeneza maumivu kwa binadamu. Ubishi haujaisha, wala maadili hayalazimiki kuusubiri. Mwenye shaka kama kilicho mbele yake kinateseka, na uwezo wa kujizuia anao, hana ruhusa ya kuendelea kwa sababu tu hajathibitishiwa.

Muungano wa matangi una wema wake, na ni haki kuutaja kwa ukamilifu. Samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe kwenye tangi la lita 100, amonia inayotoka inaweza kuwaua wenzake usiku uleule. Tangi hilo likiwa sehemu ya mfumo wa lita 400, sumu ileile inasambaa kwenye maji mara nne zaidi, na bakteria wanapata muda. Joto na chumvi hubadilika polepole. Mwani uliopandwa tangi la chini na kuwashiwa taa usiku, wakati taa za juu zimezimwa, hunyonya kaboni dioksidi ambayo samaki na matumbawe wanaitoa gizani. Udhaifu wa mmoja unabebwa na wote.

Ugonjwa nao unabebwa na wote. Kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, kinachoonekana kama chembe nyeupe kwenye ngozi, huingia na samaki mmoja mgeni na kufika kila tangi. Dawa yake ya kawaida ni shaba, na shaba inayomponya samaki huua kamba, konokono na matumbawe. Hapo mwenye mfumo anajikuta mbele ya swali linalofanana na yale ya vitabu vya falsafa: atie dawa na kuua wasio na hatia, au aache na kuwatazama samaki wakiisha mmoja mmoja? Mfuasi wa Bentham atahesabu vichwa. Mfuasi wa wajibu atasema hakuna ruhusa ya kumuua kamba kwa ajili ya samaki. Wote wawili wanafika wakiwa wamechelewa. Swali hilo halikuletwa na maumbile. Lilitengenezwa siku mchoro ulipopitishwa bila tangi la karantini. Samaki mgeni akikaa wiki nne hadi sita kwenye tangi la pekee, lisilo na bomba lolote linaloligusa kundi, lenye wavu wake na ndoo yake, kimelea hujitokeza na kutibiwa hukohuko, na mtu hachagui nani afe. Sehemu kubwa ya mitihani migumu ya kimaadili katika kazi hii ni ya aina hiyo: ikishatokea haina jibu zuri, na kabla ya kutokea ilikuwa na jibu rahisi. Kwa sababu hiyohiyo kila kiungo cha bomba kinahitaji koki, ili waliounganishwa waweze kutenganishwa siku ya dharura.

Mfano mwingine unaonyesha jambo hilo kwa tarakimu. Tangi la juu lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 60 huchukua lita 360. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na maji ya juu yanaendelea kushuka hadi yafike usawa wa ukingo wa mfereji wa kufurikia. Ukingo huo ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, zitashuka lita 18. Lakini bomba la kurudisha maji likiwa limezamishwa sentimita 20 bila tundu la kuvutia hewa karibu na uso, maji yatarudi nyuma kupitia bomba hilohilo, yakijivuta yenyewe, na zitashuka lita 120. Tangi la chini lenye nafasi tupu ya lita 60 litamwaga lita 60 sakafuni, na juu matumbawe ya theluthi nzima ya kimo yatabaki nje ya maji. Kinga ni tundu dogo la milimita chache kwenye bomba, na jaribio la kuzima swichi kuu kabla ya kiumbe yeyote kuletwa. Tangi la aina hiyo, pamoja na kioo na mawe, huzidi kilo 450, hivyo sakafu nayo ina neno lake. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, pampu ya hewa inayotumia betri inaingia kwenye hesabu ya lazima, kwa kuwa oksijeni ya maji yaliyosimama na kujaa samaki hupungua ndani ya saa chache. Mombasa au Dar es Salaam feni ya kupoza maji ina haja kubwa kuliko kipasha joto. Anayejua kwamba umeme utakatika, akapanga kana kwamba hautakatika, hawezi kuita matokeo yake ajali.

Haki za walioko tangini hazimalizi suala, kwa sababu ipo bahari iliyobaki nyuma. Nchini Kenya wazamiaji hukamata samaki wa mapambo katika maji ya pwani, na samaki hao husafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko yenye maji kidogo na oksijeni hadi Ulaya, Marekani na kwingineko. Ni riziki halali ya familia, na mvuvi anayelipwa kwa samaki mzima aliye hai ana sababu ya kuulinda mwamba usivunjwe. Ufilipino, tangu miaka ya 1960, ukamataji ulifanywa pia kwa sayanidi, inayompumbaza samaki anayetakiwa na kuua matumbawe yanayomzunguka. Visiwa vya Banggai nchini Indonesia vina samaki mdogo mwenye mistari myeusi, ambaye dume hubeba mayai na watoto kinywani. Biashara ya akwaria ilimpunguza kiasi kwamba mwaka 2007 aliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa ni miongoni mwa samaki wa baharini wanaozaa kwa urahisi tangini. Yule msafishaji naye, kila anapoondolewa, anaacha pengo: tafiti za mwaka 2003 katika Bahari ya Shamu na Australia zilionyesha kuwa miamba iliyoondolewa wasafishaji ilipungukiwa na aina za samaki wanaoitembelea. Pwani ya Devon ya enzi za Gosse ilitangulia tu kuonyesha yatakayotokea kwingine.

Kwa hiyo asili ya kiumbe ni sehemu ya uhalali wake. Samaki wa anemoni wanazalishwa kibiashara kwenye matangi tangu miaka ya 1970, na kangaja wa njano wa Hawaii alifanikiwa kuzalishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Matumbawe mengi hukatwa vipande na kukuzwa upya bila kugusa mwamba. Mwenye kuchagua kati ya hao na waliotolewa baharini kwa njia isiyojulikana anachagua pia pwani ya watu wengine iwe katika hali gani.

Hukumu, basi, ni kwamba kuweka bahari ndogo nyumbani kunaruhusika, na kunaweza kuwa na heri. Tangu mwaka 1874 akwaria ya Anton Dohrn mjini Naples ilichangia gharama za kituo cha utafiti kwa viingilio vya watazamaji, na elimu kubwa kuhusu viumbe wa baharini imepatikana kwa watu waliokaa mbele ya kioo. Ruhusa hiyo haiwahusu viumbe wote. Wenye chakula kisichopatikana tangini, wanaosafiri masafa marefu, wanaokua kuliko chombo na waliokamatwa kwa sumu wabaki nje ya orodha, hata kama mnunuzi ana fedha. Anayepanga sasa anunue tangi la karantini kwanza, kisha tangi la chini, na la maonyesho liwe la mwisho. Azime umeme mara kadhaa mfumo ukiwa na maji matupu. Asubiri vipimo vya amonia na nitriti. Na akiona bajeti yake haitoshelezi hayo yote, apunguze idadi ya matangi ya maonyesho au aache kabisa.